Riwaya Zilizomilikiwa na Watu Mashuhuri: Kinachouzwa ni Ushahidi

Mwezi wa Oktoba 2018, kwenye mnada wa Sotheby's mjini London, riwaya moja ya jalada la karatasi iliuzwa kwa pauni 56,250. Ilipotoka kiwandani mwaka 1960 bei yake dukani ilikuwa shilingi 3 na peni 6, na kampuni ya Penguin ilikuwa imechapa nakala 200,000 za namna hiyohiyo. Riwaya yenyewe ni Lady Chatterley's Lover ya D. H. Lawrence. Nakala nyingine ya chapa ile unaipata Uingereza leo kwa pauni chache tu.

Hii ilikuwa ya jaji Laurence Byrne, aliyesimamia kesi ya mwaka 1960 ambamo Penguin ilishtakiwa kwa kuchapa maandishi machafu. Mke wake, Dorothy, aliisoma kabla yake, akapiga mistari na kuweka alama pembeni, akaorodhesha kurasa zenye mambo ya chumbani kwenye karatasi ya mahakama, kisha akashona mfuko wa kitambaa ili mumewe aiingize mahakamani bila wapiga picha kuona jalada. Penguin ilishinda kesi. Riwaya ikabaki na alama zake, orodha yake na mfuko wake. Baada ya mnada, serikali ya Uingereza ilizuia isitolewe nchini, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Bristol kikainunua.

Hapa Lubumbashi, watu wengi wakisikia bei za namna hii hudhani zinalipwa kwa sababu ya uzee wa kitabu. Ndiyo maana muuzaji aliyetandaza vitabu chini pale mjini kati hukuambia mara moja: "Papa, hii ni ya zamani kabisa, ya wakati ya babeleji." Lakini uzee peke yake hauna bei kubwa. Vitabu vya sala vya miaka ya 1800 vimejaa Ulaya, kwa kuwa vilichapwa kwa wingi na vikatunzwa. Jalada zuri la ngozi nalo halitoshi. Anayetoa pesa nyingi analipia uthibitisho kwamba nakala hii, wala si nyingine, ilikuwa mikononi mwa mtu fulani, wakati fulani. Uthibitisho ukikamilika, karatasi ya shilingi 3 inakuwa hazina ya taifa. Ukikatika, inabaki kitabu kama vitabu vingine.

Yeyote aliyenunua kiwanja huku kwetu katika komini ya Annexe anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Muuzaji atasimulia mengi; wewe unataka karatasi. Nani alikuwa nacho kabla yake? Alimuuzia lini? Nani alishuhudia? Udongo ni uleule kwa viwanja vyote viwili, cha mwenye karatasi na cha mwenye maneno, ila bei zao hazikaribiani. Kitabu nacho kina mlolongo wake wa wamiliki. Kuukusanya mlolongo huo, kuupima na kuulinda ndiyo kazi yenyewe ya mkusanyaji. Kununua ni hatua ya mwisho.

Maneno yaleyale, ushahidi tofauti

Chukua riwaya mbili za Kiingereza zilizotoka kwa kupishana miaka michache: Emma ya Jane Austen, iliyotoka Desemba 1815, na Frankenstein ya Mary Shelley, iliyotoka Januari 1818. Zote mbili zilichapwa bila jina la mwandishi. Na kila moja ina nakala maarufu iliyoandikwa kwa wino maneno kwamba imetoka kwa mwandishi. Mtu asiyezoea angesema ushahidi ni mmoja. Sivyo hata kidogo.

Nakala ya Frankenstein iligunduliwa mwaka 2011 kwenye maktaba ya marehemu Lord Jay, mwanasiasa wa Uingereza. Ilikuwa juzuu la kwanza tu kati ya matatu, na ndani yake mmeandikwa kwamba ni kwa mshairi Lord Byron kutoka kwa mwandishi. Mwandiko ulilinganishwa na barua za Mary Shelley ukaonekana ni wake mwenyewe. Uzito wa nakala hii unatokana na kiangazi cha mwaka 1816, karibu na ziwa la Geneva, pale Byron alipowataka wageni wake kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Mary, aliyekuwa na miaka 18, akaanza ile ya mwanasayansi na kiumbe chake. Kwa hiyo kitabu hiki kilirudi kwa mtu aliyetoa changamoto. Juzuu mbili zilizobaki zikikosekana, thamani haipotei, kwa sababu thamani iko kwenye ule mstari mmoja wa wino.

Nakala ya Emma ilipewa Anne Sharp, rafiki wa Austen aliyewahi kuwa mwalimu wa nyumbani wa binti ya kaka yake. Na hapa maneno ya "kutoka kwa mwandishi" hayakuandikwa na Austen. Yaliandikwa na karani wa mchapishaji wake, John Murray. Mnunuzi mwenye haraka angeiacha. Lakini Austen alikuwa na nakala 12 tu za kugawa, na inajulikana kwamba moja ilikwenda kwa Anne Sharp. Mwenyewe akaandika jina lake, A. Sharp, katika kila juzuu. Kumbukumbu za mchapishaji, mkono wa karani na sahihi ya mpokeaji vinashikana. Mwaka 2008 nakala hiyo iliuzwa kwa pauni 180,000, na miaka miwili baadaye ikabadilisha mikono kwa pauni 325,000.

Mimi naona mfano wa pili una mafunzo zaidi kuliko wa kwanza. Mwandiko wa mtu mashuhuri unavutia macho, na ndiyo maana waghushi huanza nao. Mkono wa karani haumvutii mtu. Hakuna mghushi atakayejisumbua kuuiga, hivyo ukikutana na kumbukumbu zinazouunga mkono, unakuwa shahidi wa kuaminika kuliko sahihi nzuri isiyo na ndugu.

Alama ndogo chini ya ukurasa

Wenye vitabu wa zamani waliweka alama kwa njia nyingi. Wengine waliandika jina kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo. Wengine walibandika kikaratasi chenye nembo ya ukoo ndani ya jalada. Matajiri wa Ufaransa walipeleka vitabu kwa fundi, akavivika ngozi na kupiga nembo kwa dhahabu. Madame de Pompadour, kipenzi wa mfalme Louis XV na msomaji mkubwa wa riwaya, vitabu vyake vina ngao yenye minara mitatu. Vilipouzwa mwaka 1765, baada ya kifo chake, orodha ya mnada ilipita namba 3,500. Riwaya za Marie-Antoinette za kasri dogo la Trianon zina herufi C na T chini ya taji.

Alama ninayoipenda kuliko zote ni ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, kwa kuwa huioni usipojua pa kutazama. Wachapaji wa zamani waliweka herufi ndogo chini ya kurasa fulani, A, B, C na kuendelea, ili fundi wa kujalidi asichanganye mafungu ya karatasi. Alfabeti yao haikutenga I na J. Jefferson alifungua kitabu mpaka kwenye fungu la I, akaandika T mbele yake kwa wino. Kisha akaenda kwenye fungu la T, akaongeza herufi ya kwanza ya jina lake la pili baada yake. Herufi moja ya mchapaji, moja ya mkono wake: Thomas Jefferson. Mwizi angeweza kuchana ukurasa wa mwanzo na kubandua kila kikaratasi, lakini nani angekumbuka kupekua hadi ndani huko?

Jefferson aliliuzia Bunge la Marekani juzuu 6,487 mwaka 1815, kwa dola 23,950, baada ya Waingereza kuchoma jengo la Bunge. Karibu theluthi mbili ziliteketea kwa moto mwingine mwaka 1851. Vitabu alivyokusanya baada ya mauzo hayo vilipigwa mnada mwaka 1829 kulipa madeni yake, vikatawanyika. Kisha mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis kikatambua juzuu 74 za mkusanyo huo wa mwisho kwenye rafu zake chenyewe. Zilikuwa zimekaa hapo zaidi ya miaka 100, wanafunzi wakipita mbele yake.

Kumiliki si kusoma

Fundo gumu kuliko yote ni hili. Mtu mkubwa alikuwa na vitabu vingi, na vingine hakuvigusa maisha yake yote.

Napoléon anafaa kulieleza. Tarehe 17 Julai 1808, akiwa Bayonne, alimwagiza mtunza maktaba wake, Barbier, amtengenezee maktaba ya safarini ya juzuu 1,000 ndogondogo. Akataja mgawanyo: juzuu 40 za dini, 40 za tenzi za kishujaa, 40 za tamthilia, 60 za ushairi, 100 za riwaya, 60 za historia, na zilizosalia ziwe kumbukumbu za watu wa kale na wa sasa. Angalia kwamba riwaya zilizidi dini mara mbili na nusu; jemadari yule alipenda hadithi. Lakini majumba yake ya kifalme nayo yalikuwa na maelfu ya vitabu vyenye nembo yake, vilivyonunuliwa na maofisa kwa ajili ya kujaza rafu. Kitabu chenye nembo ya ikulu kinathibitisha kwamba kilikuwa cha ikulu, basi. Vile vya kisiwa cha Saint Helena, alikofia mwaka 1821, ni habari nyingine: vilikuwa karibu naye kila siku, na vilipouzwa London mwaka 1823 viliorodheshwa. Bei zake na za vitabu vya ikulu haziwezi kulingana, na hazipaswi kulingana.

Maandishi ya pembeni ndiyo yanayomaliza ubishi. Voltaire, mwandishi na mwanafalsafa wa Ufaransa, aligombana na vitabu vyake kwa wino, akawajibu waandishi ukurasa kwa ukurasa. Baada ya kifo chake mwaka 1778, malkia Catherine II wa Urusi alinunua maktaba yake nzima, karibu juzuu 7,000, na hadi leo zimekaa pamoja Saint Petersburg. Malkia huyohuyo alikuwa tayari ameinunua maktaba ya mwanafalsafa mwingine wa Ufaransa, Diderot, mwaka 1765, akimwachia aitumie hadi afe. Nayo ilisafirishwa Saint Petersburg. Ila vitabu vya Diderot vilichanganywa na vingine, na wataalamu mpaka sasa wanavitafuta kimoja kimoja. Mnunuzi mmoja, mji mmoja. Maktaba moja ilitengwa, nyingine ikamezwa.

Waghushi wanafuata pesa

Vikaratasi vinabanduliwa. Mwandishi wa riwaya wa Uingereza Charles Dickens alipofariki Juni 1870, vitabu vyake vya nyumbani Gad's Hill vilibandikwa kikaratasi kinachosema vimetoka kwenye maktaba yake, mwezi huo. Kikaratasi hicho hakikubandikwa na Dickens, na kinasema tu kitabu kilikuwa wapi yeye alipokufa. Kinaweza kuchapwa upya, au kuhamishwa kutoka kitabu hafifu kwenda kitabu cha bei. Tena Dickens alikuwa na mtoto wa kiume mwenye jina lilelile, Charles Dickens, aliyekuja kuinunua nyumba hiyohiyo. Jina peke yake lingekupeleka wapi?

Majalada nayo yanadanganya. Katika karne ya 19 fundi mmoja hodari, Théodore Hagué, alichukua vitabu halisi vya kale, akavitengenezea majalada yenye nembo za wafalme wa Ufaransa, na tajiri wa London, John Blacker, akanunua kwa wingi akiamini ni vya wafalme kweli. Na Denis Vrain-Lucas alimuuzia mwanahisabati Michel Chasles maelfu ya barua za kughushi, zikiwemo za Cleopatra kwa Kaisari zilizoandikwa kwa Kifaransa. Alifungwa mwaka 1870. Chasles alikuwa msomi wa hali ya juu. Elimu haikumlinda, kwa sababu kila barua ilimletea kile hasa alichotamani kukipata. Ukiona kitabu kinajibu tamaa yako moja kwa moja, hapo ndipo pa kupunguza mwendo.

Mambo haya ni ya kwetu pia

Kuna wanaosema mchezo huu ni wa wazungu wenye pesa. Sikubaliani nao. Kisiwani Robben, gereza la Afrika Kusini, mfungwa Sonny Venkatrathnam alikuwa na kitabu cha kazi zote za Shakespeare, akakivika kadi za sikukuu ya Diwali ili walinzi wadhani ni maandiko matakatifu ya Kihindu. Kikazunguka kwa wenzake, kila mmoja akaweka sahihi kando ya maneno aliyoyachagua. Tarehe 16 Desemba 1977 Nelson Mandela aliweka yake kwenye Julius Caesar, pale panaposema kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chao. Walter Sisulu alichagua kwenye The Merchant of Venice. Tamthilia hizo mbili ndizo Mwalimu Nyerere alizozitafsiri kwa Kiswahili miaka ya 1960, kama Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Si riwaya, lakini sijui kitabu kinachoonyesha vizuri zaidi nguvu ya nakala moja.

Mwaka 2024 zaidi ya vitabu 300 vya Léopold Sédar Senghor, mshairi na rais wa kwanza wa Senegal, vingi vikiwa na maneno aliyoandikiwa na wenzake, vilikuwa vimeshapangwa kupigwa mnada mjini Caen, Ufaransa. Serikali ya Senegal iliomba mnada usimame, ikazungumza na wenye kuuza ili ivinunue vyote pamoja. Ilifanya vyema: vikiuzwa kimoja kimoja, kila mnunuzi angepata sahihi, lakini hakuna ambaye angepata maktaba.

Na Katanga? Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba 1961 karibu na Ndola, ng'ambo tu ya mpaka wetu, akienda kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Alikuwa akitafsiri kitabu cha Martin Buber kwa Kiswidi. Kule Léopoldville (Kinshasa ya leo), kwenye chumba alichokiacha, kilikutwa kitabu cha ibada cha Thomas à Kempis, na kilichoshika ukurasa wake kilikuwa karatasi yenye kiapo chake cha kazi. Kama mtu angetikisa kitabu kile ili kukisafisha, karatasi ingeanguka, na sehemu kubwa ya habari ingeanguka nayo.

Vitabu vya mji huu vimehama mara nyingi. Wabelgiji waliondoka Julai 1960, wengine wakarudi, wengine wakaondoka tena baada ya Januari 1963, kujitenga kwa Katanga kulipokwisha, wengine baada ya Zaïrianisation ya Novemba 1973, serikali ilipotwaa mali za wageni. Mwaka 1971 vitivo vya fasihi vililetwa Lubumbashi kutoka Kinshasa. Kwa hiyo mihuri iliyo ndani ya vitabu vya barabarani inasomeka kama kalenda. Ukiona Congo belge, ni kabla ya 30 Juni 1960. Elisabethville ni jina la Lubumbashi la kabla ya 1966. Muhuri wa Université nationale du Zaïre ni wa kati ya 1971 na 1981. Wa Université de Lubumbashi ni wa baada ya hapo. Kitabu chenye mihuri mitatu ya namna hii kimekueleza safari yake bila muuzaji kufungua mdomo.

Tatizo ni kwamba wauzaji wengi wanaona jina la mtu kama doa. Wanalikwangua kwa wembe, au wanachana ukurasa mzima ili kitabu kionekane kipya. Ukipewa kitabu kilichokwanguliwa, kiinamishe kwenye mwanga wa upande. Utaona sehemu ya karatasi imekuwa nyembamba, nyuzi zake zimesimama, na kalamu iliyokandamizwa imeacha mfereji mdogo ambao wembe haukuufikia. Mara nyingine jina bado linasomeka kwenye ukurasa unaofuata, kama alama isiyo na wino. Fikiria sasa nakala ya riwaya ya V. Y. Mudimbe ya mwaka 1973, Entre les eaux, ambayo yeye, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha chuoni hapa, amemwandikia mwenzake maneno mawili. Ukurasa huo ukichanwa ili kitabu kiuzwe elfu chache za faranga, hakuna mnada duniani utakaoweza kuurudisha.

Kwa hiyo ukipata kitabu cha namna hii, usifute kitu, usibandue kitu, usikipeleke kwa fundi akivishe jalada jipya. Karatasi zote zilizomo ziache pale zilipo, uzipige picha pamoja na ukurasa wake. Andika kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni na siyo ndani ya kitabu, ulinunua wapi, tarehe gani, na muuzaji alisema alikitoa nyumba ya nani. Mama aliyeuza vitabu vya marehemu mumewe kule Kamalondo bado yupo leo na anaweza kueleza, baada ya miaka 10 huenda asiwepo. Kitabu kiinue kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa, na msimu wa mvua usikibananishe na ukuta.

Ukikuta muhuri wa maktaba bila muhuri mwingine unaosema kimeondolewa, kitabu hicho huenda bado kina mwenyewe. Guglielmo Libri aliiba kwenye maktaba za Ufaransa katika miaka ya 1840, akahukumiwa mwaka 1850 akiwa ameshakimbilia London. Barua ya mwanafalsafa Descartes aliyoiba ilikutwa kwenye chuo cha Haverford, Marekani, na ikarudishwa Ufaransa mwaka 2010. Miaka 160 haikuifanya halali. Basi nenda nacho maktabani, uulize. Wakisema ni chao, kirudishe na uombe karatasi ya kupokelewa. Wakiandika kwamba walikiondoa kwenye rafu zao, barua hiyo iweke pamoja na kitabu na kisiuzwe tena bila hiyo.